Gitaa Bichi Sebuleni kwa Mama Mkwe

Kutengeneza gitaa la umeme si kazi ngumu. Watu hudhani ni ngumu, nami huwaacha wadhani hivyo, kwa kuwa sifa hazijawahi kumdhuru mtu. Lakini ukweli ni kwamba mbao hukatwa, waya huungwa, na makosa hufunikwa kwa kipande cha plastiki nyeusi. Mimi ni fundi wa umeme katika kiwanda kimoja mjini Thika, na siku nzima nashinda na mashine zinazopiga kelele kuliko gitaa lolote. Ubao nilipewa na jirani aliyeangusha mti wake wa mgrevilia. Shingo niliitoa kwenye gitaa la kanisa letu la Gitothua, ambalo mpigaji wake alilikalia. Koili za kunasa sauti nilizisokota mwenyewe kwa waya wa mota mbovu. Nikaunganisha kwenye spika, nikapiga, likalia. Siku hiyo ya kwanza lilinasa pia stesheni ya redio, mhubiri akawa anatukemea kutoka ndani ya mbao, lakini lililia.

Kazi ngumu ni vanishi. Hilo hakuna aliyenionya.

Mbao isiyo na vanishi hunywa kila kitu: jasho la mkono, chai iliyomwagika, mvuke wa sufuria. Baada ya mwezi mmoja huvimba kama mguu wa mgonjwa. Kwa hiyo unapaka vanishi, unangoja ikauke, unasugua kwa msasa, unapaka tena, unangoja tena, hadi ing'ae. Kupaka si shida. Shida ni kungoja, kwa maana wakati wa kungoja hakuna kitu kinachoruhusiwa kuligusa gitaa: si vumbi, si mdudu, si kidole cha mtu anayetaka kujua kama limekauka. Sasa nitajie mahali hapa Gatongora, Ruiru, ambapo kwa siku mbili kitu hakitaguswa na kitu kingine.

Sisi tunaishi kwenye ploti, vyumba vikitazamana, ukumbi katikati na kamba za nguo juu. Upande wa kushoto wanajenga ghorofa ambalo limekuwa likijengwa tangu tuhamie. Upande wa kulia kuna mtu anayefuga kuku na kukana kwamba anafuga kuku. Mara ya kwanza nililitundika gitaa kwenye kamba, kati ya shuka la jirani na soksi za mtoto wake. Nilipolirudia jioni lilikuwa limevaa saruji mgongoni na nzi kifuani, na karibu na kitufe cha sauti palikuwa na unyoya mweupe umesimama wima.

Jirani alilizunguka huku akitikisa kichwa. "Sasa fundi," akasema, "hii ni gitaa ama ni keki?"

Nikasugua kwa msasa, nikaanza upya. Nilikuwa nimesikia mahali kwamba chumba kilichomwagiwa maji hakina vumbi, kwa sababu unyevu hulivuta chini likalala. Chumba pekee kinachomwagiwa maji kwenye ploti yetu ni bafu, nalo ni moja, la wote. Nikapaka vanishi Jumamosi jioni, nikalitundika gitaa humo ndani kwenye msumari wa taulo, nikafunga mlango, nikaandika kwa chaki: USIFUNGUE, KUNA VANISHI. Nikalala usingizi wa mtu aliyeshinda maisha.

Asubuhi nilikuta foleni. Watu walisimama na mabeseni na taulo mabegani, wamevaa nusu nguo za kanisani. Msimamizi wa ploti alikuwa akigonga mlango kwa adabu.

"Huyu mtu ako ndani anaoga tangu jana?" akaniuliza.

"Si mtu. Ni gitaa."

Akaufikiria ule mlango. "Na inaoga?"

Kikao kilifanyika palepale ukumbini. Mama mmoja alisema hawezi kuchelewa ibada kwa ajili ya ubao. Kijana mmoja alisema mimi ninaleta maendeleo na watu waniache. Mwingine aliingia tu akaoga nalo, kwa uangalifu mkubwa, akatoka akituambia kwamba hakuligusa. Kweli hakuligusa, lakini povu lake liliruka. Azimio lilikuwa kwamba gitaa likae bafuni iwapo litalipa kodi kama wapangaji wengine, na kama halilipi, litoke. Likatoka.

Mke wangu alisimama mlangoni akinitazama nikikwangua povu la sabuni lililogandia kwenye vanishi. Yeye ana saluni hapo Gatongora, lakini ni mzaliwa wa Ngoingwa, na nyumba ya mama yake iko hukohuko hadi leo.

"Peleka kwa mama," akasema.

"Kwa mama nani?"

"Si unajua mama nani. Sitting room yake haina vumbi. Hakuna mtu huingia huko."

Alisema kweli. Ile sebule haikujengwa ili ikaliwe, ilijengwa ili iwe safi. Kila kochi lina kitambaa cha kufuma mgongoni na kila mkono wa kochi una chake. Meza ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, na chupa ya chai ina kijisketi chake. Mama mkwe huvifuma mwenyewe kwa sindano ya kulabu, huvifua, huvipiga wanga, huvitandika upya, kisha hufunga mlango. Vumbi likifika pale hugeuka lenyewe.

"Haiwezekani," nikamwambia mke wangu.

"Mama anasema unamchukia," akajibu, bila hasira, kama mtu anayesoma mita ya stima. "Anasema Krismasi ukija tena ukule kwa veranda, hatakupakulia tena. Amechoka. Na mimi nimechoka kukuwa katikati."

Hapo lazima nieleze, la sivyo nitaonekana mtu mbaya.

Mimi ni mtu wa magharibi. Kwetu mama mkwe si mtu wa kuzoewa. Humpi mkono. Humtazami usoni. Huli mbele yake, wala hukai alipokaa, na mkikutana njiani, mmoja wenu hupata shughuli ya ghafla kichakani. Baba yangu, mtu mzima mwenye cheo shuleni, aliwahi kuingia na baiskeli yake katikati ya shamba la mahindi la watu kwa sababu alimwona nyanya, mama yake mama yangu, akija kwa mbali na kikapu. Alitoka upande wa pili na majani kichwani, akaendelea na safari. Hakuna aliyecheka. Watu walisema: tazama mtu mwenye adabu. Na mama yangu, kila anaponipigia simu kutoka nyumbani, akishauliza habari za watoto huuliza kama bado namheshimu mama mkwe wangu, nami humjibu kwamba namheshimu sana, simjui hata sura.

Kwa hiyo tangu nilipooa, kila tukienda Ngoingwa mimi nimekaa verandani kwenye kigoda, nimeangalia chini, nimepokea sahani kutoka kwa mke wangu, nimekula nimegeukia ukuta. Niliona ninafanya vizuri. Nilidhani yule mama ndani anaona fahari kupata mkwe wa namna hiyo. Kumbe alikuwa anahesabu kila sahani kama tusi.

"Mweleze basi," nikamwambia mke wangu. "Mwambie ni heshima."

"Nimemwambia. Anasema heshima gani hiyo ya kumpa mtu mgongo. Anataka kusikia kwa mdomo wako."

"Siwezi kuongea naye."

"Basi gitaa itaongea," akasema, akaenda zake saluni.

Ilikuwa Julai, na Julai ya huku kwetu si mchezo. Jua hujitokeza saa sita, hutazama, huona hali ilivyo, hurudi ndani. Nilinunua vanishi nyingine, ya kupimiwa, iliyotiwa kwenye chupa ya soda na mwenye duka aliyeniapia kwamba ni ileile ya kwenye mkebe. Jumatatu nikalifunga gitaa kwa blanketi. Bodaboda aliyenitoa Thika mjini kwenda Ngoingwa aliangalia nilivyolipakata kama mtoto mgonjwa, akapunguza mwendo kwenye kila shimo, na tulipofika akaniambia pole na Mungu atasaidia. Sikumsahihisha.

Mama mkwe alikuwa ameambiwa. Alikuwa amejifungia jikoni ili mimi nipite. Mlango wa mbele ulikuwa wazi na sebule ilinukia dawa ya kung'arishia sakafu. Nilivua viatu. Niliingia ndani ya nyumba ile kwa mara ya kwanza nikitembea kwa ncha za vidole kama mwizi.

Nikapiga simu kwa mke wangu. Alikuwa anasuka mtu, mikono imejaa nywele, kwa hiyo simu aliiweka kwenye spika kwenye kabati la mafuta. Huko nyuma nilisikia sauti za saluni nzima.

"Niko ndani," nikanong'ona.

"Ako ndani!" mke wangu akatangaza, na wanawake wakashangilia.

"Muulize kama naweza kutumia meza ya katikati."

Akampigia mama yake kwa simu nyingine. Nikasikia simu ikilia jikoni, nyuma ya ukuta, karibu kiasi kwamba ningeweza kuipokea mimi. Nikasikia mama mkwe akijibu, na neno lake likinifikia mara mbili: mara moja kupitia ukuta na mara ya pili kutoka Ruiru.

"Anasema utumie meza yoyote unataka."

"Mwambie asante."

"Anasema asante."

"Mwambie karibu," mama mkwe akasema nyuma ya ukuta. "Muulize kama atakunywa chai."

"Anauliza kama utakunywa chai."

"Mwambie nimeshukuru, lakini mikono ina vanishi."

"Mwambie anywe chai!" sauti ya mteja fulani ikaingilia kati. "Mwanaume gani anakataa chai ya mama mkwe?"

"Wewe kaa chini, nywele itaharibika," mke wangu akamwambia, kisha akamfikishia mama yake kwamba nimekataa. Jikoni sufuria ikawekwa chini kwa nguvu. Hiyo haikuhitaji mkalimani.

Basi nikafanya kazi yangu. Nilikuja na ubao niliopigilia misumari minne ikatokeza ncha juu. Ndivyo inavyofanywa, kitu hulazwa juu ya ncha ili mgongo wake usigande. Nikauweka juu ya meza, nikalilaza gitaa chali juu ya misumari, nikalipaka vanishi taratibu kutoka shingoni hadi chini. Lilipendeza mno. Mishipa ya ule mgrevilia ilijitokeza yote, na mwanga wa dirisha ukalala juu yake. Nilikaa nikilitazama, kidogo machozi yanitoke, kisha nikakumbuka nilikuwa nimekaa kwenye kochi ambalo huenda mama mkwe alilikalia, nikaruka kama niliyechomwa.

"Mwambie nimemaliza," nikasema kwenye simu. "Mwambie asiliguse. Asifungue dirisha. Asifanye chochote hadi Jumamosi."

"Anasema sawa. Anauliza, na kula je?"

"Gitaa?"

"Wewe."

Nikasema nimeshukuru. Nikaondoka.

Nililosahau, na ambalo mtu yeyote aliyezaliwa Ngoingwa angelijua, ni kwamba Alhamisi akina mama wa ushirika wa kanisa hukutana, na wiki hiyo ilikuwa zamu ya nyumba yake. Fikiria sebule hiyo. Kila kitu kimevaa. Redio imevaa, chupa ya chai imevaa, na katikati ya chumba, juu ya meza ambapo macho yote yatatua, kuna kitu cha mkwe wake kimelala chali, uchi, juu ya misumari. Mama mkwe alifikiri juu ya jambo hilo tangu Jumatatu. Hakutaka kukigusa, kwa kuwa alikuwa amekatazwa. Lakini kufunika si kugusa. Alhamisi asubuhi akatoa sandukuni kitambaa chake bora kuliko vyote, kile cha kiti cha mchungaji, cheupe, chenye maua yanayozunguka ua moja kubwa, na nyuzi zinazoning'inia pembeni. Akakishika kwa pembe mbili, akakishusha juu ya gitaa polepole, kwa upendo wote.

Na vanishi ya chupa ya soda, katika baridi ya Julai, ilikuwa bado mbichi kama uji.

Hayo niliyajua Jumamosi. Nilifika saa sita, nikasimama verandani, nikapiga hodi. Kimya. Kigoda changu kilikuwa mahali pake. Nikampigia mke wangu simu ili amwambie mama yake kwamba nimefika, lakini Jumamosi saluni hujaa hadi mlangoni, mashine za kukausha nywele zinaunguruma, na simu hakuna anayeisikia. Nikapiga tena na tena. Ndani nilisikia kitu kinakwaruza, kisha mtu anavuta makamasi.

Nikakohoa.

"Usiingie," sauti ikasema.

Lilikuwa neno la kwanza kuambiwa na mama mkwe wangu bila kupitia mtu.

"Mama?" nikasema kwa ukuta.

"Nimesema usiingie. Nimeharibu. Ngai wakwa, Mungu wangu, nimeharibu kitu ya watu."

Najua baba yangu angefanya nini. Angekuwa ameshafika barabarani. Nami miguu yangu iligeuka kweli, nakiri, iligeuka yenyewe kuelekea lango kama ng'ombe anayejua njia ya kwao. Lakini mle ndani mtu mzima alikuwa analia, na hakuna mtu mwingine wa kumwendea. Nikavua viatu, nikaingia.

Alikuwa amepiga magoti kando ya meza, amenipa kisogo. Sakafuni kulikuwa na ushahidi wa siku mbili za vita: karai la maji ya moto yaliyopoa, mkebe wa mafuta ya kupikia, kisu cha mkate, Biblia. Kitambaa kilikuwa kimezama ndani ya vanishi, maua yake yote yamelowa na kugeuka rangi ya asali. Alikuwa ameshika pembe zake mbili, na vidole vyake vilikuwa vimenata. Nilielewa haraka kwamba si kwamba hataki kuachia. Hakuweza.

Nikapiga magoti upande wa pili, macho chini. Nikashika pembe nyingine nijaribu kuinyanyua. Na mimi nikanata.

Tukawa hivyo. Sijui tulikaa muda gani. Kila nilipovuta, yeye alivutwa, na alipovuta yeye, nilivutwa mimi, na katika kuvutana huko mkono wangu ukatua juu ya mkono wake, ukakataa kutoka. Ulikuwa mkono mdogo, wa moto. Nilingoja kitu kitokee: radi, kwikwi, simu kutoka kwa mama yangu. Hakikutokea kitu. Jogoo wa jirani aliwika, basi.

"Sasa utanichukia na sababu," akasema kwa sauti ndogo. "Mbeleni ulikuwa unanichukia bure. Sasa umepata sababu."

"Mama, mimi sikuchukii."

"Kwa nini basi unakula chakula yangu huko nje kama mbwa ya watu?"

Swali hilo liliniingia hadi kwenye mfupa. Hakuliuliza kwa ukali. Aliliuliza kama mtu aliyelala nalo kwa miaka na amechoka kulibeba. Nikaona haya, haya ya kweli. Nikalitazama lile ua kubwa la katikati na nikamweleza, kwa maneno yangu mwenyewe, bila saluni, jinsi kwetu mkwe alivyo mtu wa kuogopwa, na jinsi baba yangu alivyoingia mahindini na baiskeli.

"Aliingia mahindi kwa nini?"

"Alimwona nyanya anakuja."

"Nyanya alikuwa amemfanyia nini?"

"Hakuna. Alikuwa anampenda sana."

Alivuta pembe yake kidogo, nami nikavutwa.

"Na ile siku ya ubatizo ya mtoto," akasema, "uliruka ukuta ya jirani na suti."

"Ilikuwa heshima."

"Mbwa yao ikakushika suruali."

"Ilikuwa heshima kubwa, Mama."

Mkono ulio chini ya wangu ukaanza kutetemeka. Nilidhani amerudi kulia. Kumbe ni kicheko, kimeanzia tumboni kinatafuta njia. "Haiya!" akapasuka. "Haiya, nyinyi watu wa huko mtaniua! Hata sisi zamani tulikuwa na hizo heshima za athoni, za wakwe, mkwe hakuwa anaingia tu hivi hivi. Lakini mtu alikuwa anaambiwa! Unaambia mtu, mimi nakuogopa kwa sababu nakupenda. Si kumwachia tu mgongo akae akiisoma!"

Akacheka hadi akaegemea meza, nami, kwa kuwa nilikuwa nimefungamana naye, nikaegemea pia. Misumari ikalia. Nikaanza kucheka na mimi. Kama mchungaji angeingia wakati ule, angetuombea wote wawili.

Kilichotuokoa ni mafuta ya taa. Alisema yako jikoni chini ya sinki, na ilitubidi twende pamoja, tukiwa tumebeba gitaa kati yetu kama machela, tukipita mlangoni kwa ubavu. Nilimimina kwa mkono uliokuwa huru nusu. Tukanawa katika karai moja, vidole vyake na vyangu humohumo, na hilo, kwa desturi ya kwetu, ni jambo ambalo sijui hata adhabu yake ni nini, kwa sababu hakuna aliyewahi kulifanya. Alinisugua kucha kama mtoto. Alinikemea kwamba sijui kunawa.

Kitambaa hakikutoka. Nilimweleza kwamba nikikivuta kitang'oa vanishi yote, nami sina nguvu ya kuanza upya. Akasema basi kiache, mchungaji atakalia kiti kitupu. Tukakata nyuzi za pembeni kwa wembe. Nikafungua ile chupa ya soda, nikapaka juu yake. Alinitazama kidogo, kisha akaninyang'anya brashi, akisema sifuati mstari wa uzi. Akamaliza yeye. Alipaka kila ua kwa zamu yake, ulimi umetokeza pembeni, na ukweli usemwe, mkono wake ni mzuri kuliko wangu. Leo nikilipiga kanisani Gitothua, watu huja baada ya ibada kuuliza nililinunua wapi. Mzee mmoja aliuliza kama ni gitaa la harusi. Sauti haikuharibika. Mhubiri wa redio ndiye ameondoka.

Alipomaliza alienda jikoni, akarudi na sahani mbili, mukimo na kuku. Akasimama katikati ya sebule akiwa amezishika. Hakusema niende wapi. Verandani palikuwa na kigoda, hapa palikuwa na meza ya kulia yenye vitambaa vyake. Nilivuta kiti mezani nikakaa. Akaweka sahani yangu, akaweka yake mbele yangu, akakaa.

Tukaomba. Niliposema amina nilifungua macho na kuyainua, nikamtazama.

Alikuwa na pengo katikati ya meno ya mbele, lilelile la mke wangu. Nyusi yake ya kushoto ilikuwa juu kidogo kuliko ya kulia, kama mke wangu anapotaka kukataa jambo na bado hajaamua. Paji la uso lilikuwa la binti yangu mdogo. Nilikuwa nimeishi na uso huo Gatongora miaka yote, nimeulalia kando, nimeugombeza, nimeubusu, nikidhani ulianzia kwa mke wangu. Na hapa ulikuwa umekaa na mvi na mikunjo, na jicho moja limeanza kuingia ukungu, ukinitazama na wenyewe, kwa hamu.

"Unaangalia nini?" akaniuliza.

"Nakuangalia wewe, Mama."

"Aya, angalia," akasema. "Na ukule, itapoa."

Nilikula. Jioni nilipofika Ruiru mke wangu alikuwa anafunga saluni, miguu imemvimba kwa kusimama. Nilimsimulia yote, akacheka hadi akakaa kwenye kiti cha wateja. Kisha akapangusa macho.

"Lakini mama amezeeka, si amezeeka?" akaniuliza. "Miaka hii miwili amebadilika sana. Uliona?"

Alitaka nimwambie ndiyo, au nimwambie hapana, yupo vilevile, amechoka tu. Alitaka mtu wa kumwona mama yake pamoja naye. Nami nilisimama pale na harufu ya mafuta ya taa mikononi, na sikujua alikuwaje hapo awali, kwa kuwa uso wake niliuona siku hiyo kwa mara ya kwanza.